Kichwa kinachozidi kuuma: onyo kwa watu wazima wenye matatizo ya uti wa mgongo

Mtu mzima anayeishi na tatizo la uti wa mgongo huzoea maumivu. Mgongo humuuma, shingo humkaza, mabega humchoka kwa kusukuma kiti cha magurudumu au kuegemea magongo. Kichwa nacho kikianza kuuma kuliko kawaida, jambo hilo huonekana kuwa nyongeza ndogo tu juu ya mzigo wa zamani. Dawa ya kutuliza maumivu hununuliwa dukani, malaria husingiziwa, na wiki hupita.

Mara nyingi kichwa kinachouma hakina hatari kubwa. Watu wenye matatizo ya uti wa mgongo hupata kipandauso, mafua, malaria na uchovu kama watu wengine. Hata hivyo, kichwa kinachobadilika, yaani kinachouma mara nyingi zaidi, kwa nguvu zaidi au kwa namna ambayo mgonjwa hakuizoea, kinaweza kuwa ishara ya kwanza ya tatizo linalotibika likiwahiwa, na linaloua au kulemaza likicheleweshwa.

Somo hili linaeleza vyanzo saba vya mabadiliko hayo, namna ya kuvitambua nyumbani, na hatua ya kwanza ya kuchukua. Vyanzo viwili vya mwanzo haviwezi kusubiri hadi kesho.

Somo linamhusu nani?

Linamhusu mtu aliyezaliwa na mgongo wazi, hata kama alifanyiwa upasuaji akiwa mchanga na sasa ana kazi na familia. Linamhusu aliyeumia uti wa mgongo kwa ajali ya bodaboda, kwa kuanguka kutoka juu ya mnazi au kwa kuporomokewa na mawe machimboni, ajali ambazo wakazi wa Kilifi wanazijua vizuri. Linamhusu pia aliyewahi kuugua kifua kikuu cha uti wa mgongo, mwenye mgongo uliopinda, aliyefanyiwa upasuaji wa mgongo karibuni, na mzee ambaye pingili za shingo yake zimechakaa. Zaidi ya hao, linawahusu wanaoishi nao, kwa sababu mara nyingi jamaa ndiye anayeona mabadiliko kabla ya mgonjwa mwenyewe.

Kwa nini mgongo uumize kichwa?

Ubongo na uti wa mgongo ni kitu kimoja kilichoendelea kutoka kichwani hadi kiunoni, na vyote viwili huogelea ndani ya majimaji masafi yanayovilinda. Mtu mzima ana takriban mililita 150 za majimaji hayo kwa wakati mmoja, sawa na nusu ya chupa ya soda ya mililita 300. Lakini mwili hutengeneza karibu mililita 500 kila siku, kiasi cha pakiti ya maziwa ya nusu lita. Maana yake ni kwamba majimaji ya zamani lazima yaondoke ili mapya yapate nafasi.

Njia ya kuondokea ikiziba, majimaji hujaa. Mtoto mchanga akipata tatizo hili kichwa chake hupanuka, kwa kuwa mifupa ya fuvu haijashikana. Fuvu la mtu mzima halipanuki. Shinikizo hugeukia ubongo wenyewe, na dalili ya kwanza mara nyingi huwa ni kichwa kuuma.

1. Shanti iliyoziba

Wengi wa waliozaliwa na mgongo wazi hupata pia tatizo la maji kujaa kichwani. Ili kuyaondoa, daktari huweka shanti, yaani mrija mwembamba unaopita chini ya ngozi kutoka ndani ya ubongo hadi tumboni. Mtoto hukua, mrija husahaulika, na familia husema alishapona.

Shanti haiponyi, inafanya kazi. Siku ikiacha kufanya kazi, tatizo la zamani hurudi. Inaweza kuziba, kukatika au kuchomoka baada ya mwezi mmoja au baada ya miaka 20. Mtu mzima ambaye shanti yake haijawahi kumsumbua hana hakika kwamba haitamsumbua kamwe.

Kichwa cha namna hii mara nyingi huuma zaidi asubuhi au baada ya kulala chali, na huzidi siku baada ya siku. Kinaweza kuja pamoja na kutapika, kusinzia kusiko kwa kawaida, kuona vitu viwiliviwili au ukungu, na shingo kuuma. Kwa watu wazima dalili zinaweza kuwa za taratibu sana: mtu anaanza kusahau, anashindwa na hesabu za duka alizozizoea, anakuwa mkali bila sababu, miguu inalegea zaidi, au mkojo unaanza kumtoka kwa namna mpya. Jamaa wanaweza kudhani ni uvivu au msongo wa mawazo.

Kuna wengine walioondolewa maji bila mrija. Daktari hutumia kamera ndogo kutoboa njia mpya ndani ya ubongo wenyewe. Njia hii, ikiunganishwa na kuchoma sehemu inayotengeneza majimaji, iliendelezwa kwa watoto wachanga na daktari Benjamin Warf katika hospitali ya CURE mjini Mbale, Uganda, kuanzia miaka ya mwanzo ya 2000, na watoto wengi wa Afrika Mashariki wamenufaika. Waliotibiwa hivyo nao wajue kwamba tundu hilo linaweza kujifunga, hata baada ya miaka.

Hatua ya kwanza: mwenye shanti, au aliyewahi kutobolewa njia ya maji, akiumwa na kichwa kinachozidi huku akitapika au kusinzia, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Mhudumu aambiwe mapema, "Huyu ana shanti." Kama kipimo cha malaria kimeonyesha kuwa anayo, atibiwe malaria, lakini shanti nayo ichunguzwe. Ugonjwa mmoja hauzuii mwingine.

2. Presha inayopanda ghafla

Chanzo hiki kinawahusu hasa walioumia uti wa mgongo shingoni au sehemu ya juu ya kifua. Madaktari huweka mpaka kwenye pingili ya sita ya kifua, takriban usawa wa ncha ya chini ya mfupa wa kidari. Aliyeumia kuanzia hapo kwenda juu yuko katika hatari.

Kinachotokea ni hiki. Kitu fulani kinausumbua mwili chini ya mahali palipoumia: kibofu kimejaa, mpira wa mkojo umejikunja, choo kimekuwa kigumu, kidonda cha kulalia kimepata maambukizi, au ukucha umeingia nyamani. Mgonjwa hasikii maumivu hayo, lakini mwili unayasikia na mishipa ya damu inabana. Presha inapanda. Ubongo unatuma amri ya kuishusha, lakini amri haivuki pale palipokatika.

Dalili ni kichwa kinachogonga kama ngoma, uso na shingo kuwa vyekundu au vya moto, jasho jingi juu ya mahali palipoumia, pua kuziba, na vinyweleo kusimama. Chini ya jeraha ngozi inaweza kuwa baridi na kavu. Presha ikiachwa, inaweza kuleta degedege, kiharusi au kifo.

Hapa desturi nzuri inaweza kuwa hatari. Mtu akilalamika kichwa, wengi humlaza. Mgonjwa huyu asilazwe. Fanya hivi kwa mpangilio:

- Mketishe wima mara moja na umshushe miguu, ili presha ipungue.
- Legeza mkanda, nguo zinazobana, viatu na kamba za kufungia mfuko wa mkojo.
- Angalia mkojo kwanza, maana kibofu ndicho chanzo cha kawaida zaidi. Nyoosha mpira uliojikunja na umwage mfuko uliojaa. Asiyekaa na mpira atolewe mkojo kwa njia aliyofundishwa. Usimkandamize tumbo.
- Mkojo ukiwa sawa, fikiria choo na ngozi. Angalia kama amekalia kitu kigumu, ana kidonda au ameungua.
- Pima presha kila baada ya dakika chache kama kipimo kipo.
- Dalili zisipoisha upesi, au chanzo kisipoonekana, mpeleke hospitali akiwa ameketi.

Jambo moja huwachanganya hata wahudumu. Watu wengi walioumia sehemu hiyo ya juu huwa na presha ya chini siku zote, namba ya juu ikiwa kati ya 90 na 110. Ikisoma 140, kwa mtu mwingine ingeonekana si kitu cha kutisha. Kwa huyu ni kupanda kukubwa. Kila mmoja anapaswa kujua namba yake ya kawaida na kuiandika.

Wanawake wajawazito wenye majeraha haya wawaambie wakunga mapema katika kliniki. Uchungu wa kuzaa unaweza kuamsha presha hii, nayo ikadhaniwa ni kifafa cha mimba.

3. Kichwa kinachouma ukikohoa

Watu wengi waliozaliwa na mgongo wazi wana sehemu ya nyuma ya ubongo iliyoshuka kidogo kuelekea shingoni. Wapo pia watu wazima wenye hali hiyo bila mgongo wazi. Sehemu hiyo ikibanwa, mtu huhisi maumivu makali kisogoni anapokohoa, anapopiga chafya, anapocheka kwa nguvu au anapojikamua chooni, kisha yanapungua.

Hali hii inaweza kufanya mfuko wa maji utokee ndani ya uti wa mgongo wenyewe. Mgonjwa huanza kupoteza nguvu za vidole, au anashika sufuria ya moto bila kuhisi. Anayekabwa na chakula mara kwa mara, sauti inayobadilika na mwendo wa kuyumba pia ni ishara. Hii inahitaji kipimo cha picha na daktari wa upasuaji wa ubongo, na kwa mwenye shanti, shanti ndiyo huchunguzwa kwanza.

4. Kichwa kinachouma ukisimama

Majimaji yakipungua kuliko inavyotakiwa, kichwa huuma mtu akiketi au akisimama, na hupata nafuu akilala. Tofauti na shanti iliyoziba ni kubwa: ile huuma zaidi akilala, hii huuma zaidi akiinuka.

Hutokea baada ya sindano ya mgongoni, kwa mfano ya ganzi wakati wa kujifungua kwa upasuaji, au baada ya upasuaji wa mgongo. Kwa kawaida huanza ndani ya siku chache na huisha yenyewe. Shanti inayomwaga maji kupita kiasi inaweza kuleta hali hiyo hiyo. Mgonjwa arudi hospitali ikiwa kichwa kinazidi, ikiwa ana homa, au ikiwa majimaji masafi yanatoka kwenye kidonda cha upasuaji.

5. Shingo iliyochakaa

Hiki ndicho chanzo cha kawaida kwa wenye umri mkubwa na kwa waliobeba mizigo kichwani kwa miaka mingi. Maumivu huanzia shingoni, hupanda kisogoni na mara nyingi hushika upande mmoja. Huzidi mtu akigeuza shingo au akikaa sana ameinamia simu. Wanaosukuma kiti cha magurudumu kwa mikono nao huyapata kwa sababu mabega hayapumziki.

Mazoezi yanayoelekezwa na mtaalamu wa fiziotherapia, kubadilisha mkao na kupunguza mizigo husaidia. Lakini asikubali shingo yake ivunjwe na kinyozi au mkandaji. Kuizungusha ghafla shingo yenye pingili dhaifu kunaweza kuumiza uti wa mgongo au mishipa ya damu inayokwenda kwenye ubongo. Akianza kushindwa kufunga vifungo vya shati, kuangusha vikombe au kuyumba anapotembea, uti wa mgongo unaweza kuwa unabanwa, na aende hospitali bila kuchelewa.

6. Maambukizi

Kifua kikuu hakikai mapafuni tu. Kinaweza kula pingili za mgongo hadi zikapinda, na kinaweza kuingia kwenye utando unaofunika ubongo. Aliye na kifua kikuu cha mgongo, hata kama ameanza dawa, achunguzwe haraka akiumwa na kichwa kinachozidi kwa siku au wiki, pamoja na homa, kutapika, kukonda au kuchanganyikiwa. Dawa za kifua kikuu hutolewa bure katika vituo vya umma. Matibabu ya mifupa huchukua muda mrefu kuliko miezi 6 inayozoeleka kwa mapafu, kwa hiyo nafuu ya maumivu si ruhusa ya kuacha dawa.

Homa ya ghafla, shingo kukakamaa na mwanga kuumiza macho ni dalili za homa ya uti wa mgongo. Shanti nayo inaweza kupata maambukizi, hasa miezi ya kwanza baada ya upasuaji. Hali zote hizi ni za dharura.

7. Dawa zenyewe, na usingizi

Watu wachache hujua kwamba dawa ya maumivu inaweza kuleta maumivu. Anayemeza dawa za kawaida kama paracetamol au ibuprofen siku 15 au zaidi kila mwezi, kwa zaidi ya miezi 3, anaweza kupata kichwa kisichoisha kinacholetwa na dawa hizo. Kwa dawa kali kama tramadol au zenye codeine, siku 10 kwa mwezi zatosha. Mwenye maumivu ya mgongo humeza kwa ajili ya mgongo, na kichwa ndicho kinacholipa. Asiziache ghafla zile kali. Amwone daktari ampunguzie.

Usingizi nao uangaliwe. Aliyeumia uti wa mgongo shingoni, au ambaye mgongo wake umepinda sana, anaweza kupumua kwa shida usiku. Hukoroma, hushtuka, huamka na kichwa kizito kinachopungua kadiri asubuhi inavyokwenda, na husinzia mchana. Watu humwita mvivu, kumbe mapafu yake hayatoi hewa chafu ipasavyo. Hali hii ina matibabu.

Dalili zisizosubiri

Apelekwe hospitali mara moja mwenye tatizo la uti wa mgongo ambaye kichwa chake kinauma na ana lolote kati ya haya:

- Ana shanti na anatapika, anasinzia au anachanganyikiwa.
- Ameumia shingoni au kifuani na presha imepanda, au anatoka jasho na kichwa kinagonga.
- Kichwa kimeanza ghafla kwa nguvu asizowahi kuzisikia.
- Ana homa na shingo imekakamaa.
- Amepata degedege, au macho yamepoteza nuru.
- Mikono au miguu imepungua nguvu upya, au mkojo na choo vimebadilika.
- Ameanguka au kugongwa kichwa siku za karibuni.

Cha kubeba na cha kusema

Foleni ya hospitali ni ndefu, na neno moja la ziada hubadilisha uchunguzi. Kila mwenye tatizo la uti wa mgongo aandike kwenye karatasi ngumu, na picha yake aiweke kwenye simu: aina ya tatizo na mahali lilipo mgongoni, kama ana shanti, imewekwa mwaka gani na hospitali gani, presha yake ya kawaida, namna anavyotoa mkojo, dawa anazotumia, na nambari ya simu ya jamaa. Picha za zamani za CT au MRI zihifadhiwe, kwa kuwa daktari hulinganisha ya leo na ya wakati alipokuwa mzima. Bila ya zamani, ni vigumu kujua kilichobadilika.

Kwa muda wa wiki mbili, aandike pia kwenye daftari saa kichwa kilipouma, kama alikuwa amelala au ameketi, na dawa alizomeza. Dalili za hatari zikitokea, daftari lisingojewe lijae.

Safari ya matibabu na haki ya mkazi

Kwa kichwa kisicho na dalili za hatari, mahali pa kuanzia ni zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Mhudumu wa afya ya jamii anayetembelea nyumba anaweza kusaidia kufuatilia presha na kutoa barua ya kumtuma mgonjwa kituoni. Aliyejisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, hupata huduma za msingi katika zahanati na vituo hivyo bila malipo. Usajili hufanywa kwa simu kupitia *147#.

Kwa dalili za hatari, ni heri kwenda moja kwa moja kwenye hospitali ya kaunti ndogo au hospitali ya rufaa ya kaunti. Wagonjwa wa majeraha huweza kutumwa kutoka hapo hadi Hospitali ya Kitaifa ya Rufaa ya Majeraha ya Uti wa Mgongo jijini Nairobi, na wa shanti kwa madaktari wa upasuaji wa ubongo katika hospitali kubwa za rufaa.

Kipengele cha 43 cha Katiba ya mwaka 2010 kinasema wazi kwamba hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Familia isibaki nyumbani na mgonjwa anayesinzia kwa sababu haijapata pesa. Iende kwanza, hesabu zitafuata.

Kabla ya kuweka gazeti hili kando, kila familia yenye mtu wa namna hii iulizane maswali matatu: Je, tunajua kama ana shanti? Tunajua presha yake ya kawaida? Na nani atampeleka hospitali kichwa kikibadilika saa nane za usiku? Majibu yaandikwe leo, wakati kichwa hakijauma.